Miti Haipigi Kura

Kila msimu wa kampeni hapa Kaloleni, mgombea hushuka kwenye gari, hupanda mche mmoja, hupigwa picha na kuondoka. Mche huachiwa mbuzi. Nilipoacha chuo na kurudi nyumbani, nilianza kusoma maisha ya Wangari Maathai nikiwa na swali moja: hivi, mtu anaweza kuomba kura kwa ajili ya miti akashinda?

Mwaka 1982 Wangari aliacha kazi Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge kwao Nyeri. Akaambiwa hakujiandikisha sawasawa kama mpiga kura, jina likakatwa. Kurudi chuoni, kazi hakuna, na nyumba ya chuo akatolewa. Mtu mwenye PhD! Mimi niliyetoka bila hata cheti nilihisi aibu kidogo, halafu nikapata nguvu.

Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 pale Uhuru Park. Wabunge walimdhihaki, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1997 akagombea urais na ubunge, akakosa vyote. Mwaka 2002 Tetu wakampa asilimia 98 ya kura. Akawa waziri msaidizi wa mazingira, na mwaka 2004 akapata Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Mwaka 2007, Tetu haohao wakamwangusha.

Nilimsimulia babu, nikidhani atasikitika. Akacheka. "Mjukuu wangu, Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. Nani aliipigia kura? Na msitu si huo upo?"

Kweli upo. Makaya ya Wamijikenda yaliingia orodha ya UNESCO mwaka 2008, lakini kilichoyafikisha huko ni miiko: kuna miti hukati, hata kuni huokoti ovyo. Ila babu anajua, nami najua, kwamba kijana asiye na kazi hasikii mwiko gunia la makaa likiwa na mnunuzi.

Hapo ndipo Wangari alikuwa mjanja. Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, iliwalipa akina mama pesa kidogo kwa kila mche ulioshika na kukua. Kupanda tu hakukutosha.

Basi mgombea akija tena, sitamuuliza atapanda mingapi. Nitamshika mkono, nimpeleke pale alipopigwa picha mara ya mwisho: mheshimiwa, ule wako uko wapi?