Hesabu zinazotabiri bamvua na maji mafu

MVUVI wa Pwani hahitaji hesabu kujua kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nayo maji mafu hufuata takriban wiki moja baadaye. Lakini nahodha anayeingiza meli kubwa bandarini Kilindini, Mombasa, hutaka zaidi: maji yatajaa saa ngapi, na yatafikia kimo gani?

Jibu hutokana na kazi ya mwanahisabati Mfaransa, Joseph Fourier, ambaye katika kitabu chake cha 1822 kuhusu joto alionyesha jinsi mchoro wa kupanda na kushuka unavyoweza kugawanywa kuwa mawimbi sahili. Katika miaka ya 1860, William Thomson wa Uingereza, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliitumia mbinu hiyo kuchanganua kujaa na kupwa kwa bahari.

Kila wimbi huelezwa kwa mambo matatu: muda wa mzunguko wake, kimo chake na wakati wa kilele chake. Muda hujulikana mapema kutokana na mienendo ya angani: wimbi kuu la mwezi hurudi kila baada ya saa 12.42, na la jua kila baada ya saa 12. Hayo mengine mawili sharti yapimwe.

Vipimo vya maji vya kila saa huzidishwa kwa sini na kosini za wimbi linalotafutwa, kisha wastani hupatikana. Ikiwa wimbi hilo halimo, chanya na hasi hufutana. Likiwamo, husalia kiasi. Matokeo hayo mawili, ya sini na ya kosini, ndiyo hutoa kimo na wakati wa kilele.

Mombasa, kimo cha wimbi la mwezi ni takriban mita 1, na la jua karibu nusu yake. Yakienda pamoja huwa bamvua; yakipingana, maji mafu.

Hata hivyo, mbinu hii haitaki haraka. Mawimbi hayo huhitaji siku 14.8 ili kuachana na kukutana tena. Anayepima siku mbili za bamvua pekee atayahesabu kuwa wimbi moja la mita 1.5. Wiki moja baadaye, maji yakijaa yatakuwa chini ya utabiri wake kwa karibu mita nzima, na upungufu huo watosha kuikwamisha meli.