Springi: Jina Lifuate Kazi

Fundi wa baiskeli pale Mabanga, Bungoma, akitaka kufungua friwili, kwanza hutandika gunia au huweka karai chini ya mikono yake. Anajua kilichomo ndani: goroli ndogo ndogo zinazomwagika mara kifuniko kinapoachia, ndimi mbili za chuma, na chini ya kila ulimi kijispringi chembamba kama unywele. Kifuniko chenyewe, kwa friwili nyingi, hulegea kikizungushwa kuelekea kuume, kinyume cha nati ya kawaida. Vijispringi vyote viwili vikikatika, ndimi haziinuki tena kung'ata meno. Mwendeshaji hukanyaga pedali, mnyororo ukazunguka bure, na baiskeli haisogei.

Sasa chukua rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi ambacho wavuvi wa michezo wa Malindi na Watamu hufunga kwenye fimbo zao. Ukiifungua utakuta gurudumu la meno, ulimi wa chuma, na springi inayousukuma ulimi huo uingie kwenye meno ili mkono wa rili usirudi nyuma samaki anapovuta. Kazi ni ileile ya friwili. Anayefufua rili kuukuu ambayo kiwanda chake kimeacha kuitolea spea, na fundi wa Mabanga mwenye friwili ya kale, wote wawili wanatafuta kitu cha aina moja. Lakini kila mmoja akienda dukani hutaja jina la chombo chake: "springi ya rili", "springi ya friwili". Muuzaji naye huuliza, "Ya kampuni gani, mkubwa?" Kama kampuni hiyo haipo rafuni, mazungumzo yameishia hapo.

Ninachotetea katika makala hii ni kwamba springi iitwe kwa kazi yake kabla ya kuitwa kwa chombo chake. Jina la kazi humfungulia fundi milango mingi, ilhali jina la chombo humfungia kwenye duka moja.

Tuanze na maana. Springi ni kipande cha kitu nyumbufu, aghalabu chuma, kilichoundwa ili kikibanwa, kikivutwa, kikisokotwa au kikipindwa, kihifadhi nguvu kilizotiwa, kisha kizirudishe kikiachiliwa. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha mwaka 1678 kanuni inayoitawala: kadiri unavyoivuta au kuibana ndivyo kani yake inavyoongezeka kwa uwiano uleule. Ukiibana milimita 2 ikakusukuma kwa kiasi fulani, ukiibana milimita 4 itakusukuma mara mbili ya kiasi hicho. Kanuni hii ina mpaka. Ukiizidishia, springi hupita kikomo cha unyumbufu, na hapo hairudi tena ilivyokuwa. Mafundi husema springi "imelala".

Kiswahili kimekuwa na maneno matatu kwa kitu hiki. La kale ni mtambo, lililotumika kwa kipande kinachofyatua mtego au bunduki. Siku hizi mtambo umekua: ukisema mitambo, msikilizaji anafikiria umeme au kiwanda cha sukari. La pili ni kamani, lililovuka bahari kutoka Kihindi na Kiajemi, ambako kaman ni upinde. Wapwani walilitumia hasa kwa springi ya saa. La tatu ni springi, kutoka Kiingereza, ambalo ndilo lililoshinda gereji zote, kuanzia Kitale hadi Bungoma na kwingineko. Sioni haja ya kulifukuza. Limeshakaa mdomoni, linafuata ngeli bila taabu, na kila fundi analijua. Upungufu wake ni kuwa linataja familia nzima bila kumtaja mtoto yeyote. Tunachohitaji ni maneno ya kuliandamia.

Napendekeza majina matano, nikifuata kanuni moja: tutaje kile springi inachokifanya, si kile inachofanyiwa.

Springi ya kusukuma ni ile ya koili zilizoachana, inayobanwa ikasukuma. Ipo ndani ya kalamu ya kubofya, chini ya tandiko la baiskeli ya Black Mamba, na kwenye shokamzoba za pikipiki.

Springi ya kuvuta ina koili zilizobanana na ndoana kila upande. Inayorudisha stendi ya pikipiki juu ni hiyo, na zile zinazorudisha viatu vya breki ndani ya dramu ni hizo hizo.

Springi ya kuzungusha ina koili pia, lakini ncha zake mbili zimetoka nje kama mikono, na kazi yake ni kugeuza kitu kirudi kilikotoka. Kibanio cha nguo kinayo, na mtego wa panya unayo. Kwenye rili nyingi, ile nusu duara ya waya inayofunguliwa kabla ya kurusha chambo hujifunga kwa springi ya aina hii, nayo huchoka mapema kwa sababu hutumika kila mara mshipi unaporushwa.

Springi bapa hufanya kazi kwa kupinda. Kubwa zake ni zile bamba zilizopangwa chini ya lori, na ndogo zake hukaa ndani ya kufuli. Kijispringi cha friwili ni cha ukoo huu ingawa ni waya, maana nacho kazi yake ni kupinda na kunyooka.

Kwa utepe wa chuma uliokunjwa mzingo juu ya mzingo, tuliokoe neno kamani. Utepe huo umo kwenye saa za kutia ufunguo, kwenye futi ya chuma inayojirudisha yenyewe, na kwenye kamba ya kuwashia pampu ya maji. Springi bapa na kamani nimeziita kwa umbo kwa sababu kwazo umbo ndilo linaloamua kazi.

Fundi akishajua aina, vinafuata vipimo, na hapa ndipo springi nyingi za kubahatisha huharibu chombo. Kwa springi ya kusukuma au ya kuvuta, vipimo vinne ni vya lazima: unene wa waya, upana wa koili, idadi ya mizunguko, na urefu wa springi ikiwa huru. Vitatu vya kwanza ndivyo vinavyoamua ugumu wake, tena kwa namna isiyolingana. Unene wa waya una nguvu kuliko vyote, kwa kuwa ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha unene huo. Waya wa milimita 0.6 ukiuweka mahali pa waya wa milimita 0.5, springi inakuwa ngumu zaidi ya mara mbili, japo kwa macho huoni tofauti. Upana wa koili ukiuongeza mara mbili, springi inalegea mara 8. Mizunguko ukiipunguza nusu, ugumu unakuwa mara mbili.

Hilo la mwisho ni muhimu kwa kila anayeshika koleo. Watu wengi huona springi ni ndefu, wakaikata ili itoshee, wakidhani wameifanya nyepesi. Kumbe wameifanya ngumu zaidi, na ncha iliyokatwa haikai sawa juu ya bamba. Ulimi unaosukumwa kwa nguvu kupita kiasi husaga meno unayoyagusa. Ni afadhali kutafuta springi nyingine kuliko kukata isiyofaa.

Asiye na kalipa ana njia ya kupima waya. Kama ni springi ya kusukuma, ibane mpaka koili zigusane, pima urefu kwa rula, gawanya kwa idadi ya mizunguko. Jibu linakaribia unene wa waya. Kama springi imekatika, kusanya vipande vyake vyote kabla ya kwenda sokoni, kwa kuwa kipande kilichopotea kinaweza kubeba mizunguko miwili isiyohesabika tena.

Mbadala uko wapi? Kwa aliyejua kazi na vipimo, uko karibu kila mahali: kalamu zilizokwisha wino, viberiti vya gesi, vitasa vibovu, cherehani iliyochoka, redio ya kaseti, breki za pikipiki zilizotupwa nyuma ya gereji. Ikikosekana kabisa, inaweza kusukwa. Waya wa gitaa ni chuma cha springi halisi, na nyuzi za ndani ya kebo ya breki zinafaa kwa springi ndogo. Waya husukwa juu ya msumari mwembamba kuliko upana unaotakiwa, kwa sababu ukiachiliwa koili hufunguka kidogo. Usiutie motoni mpaka ukawa mwekundu. Moto huo huondoa ukali wa chuma, na springi hulala siku ya kwanza. Kwa chombo kitakachoshinda majini, hasa maji ya chumvi, chuma kisichoshika kutu ndicho cha kutafuta.

Maarifa haya mafundi wetu wa jua kali wanayo mikononi. Kinachokosekana ni maneno ya kuyapitisha kutoka fundi mmoja kwenda kwa mwingine. Kijana anayesomea ufundi Kitale au Sang'alo hufundishwa springi kwa Kiingereza, kisha hurudi kijijini kufanya kazi na mzee aliyejifunza kwa kutazama. Kila mmoja ana nusu ya somo. Majina haya matano yanaweza kuandikwa kwenye ubao wa darasa la ufundi, kwenye lebo za droo za duka la spea, na kwenye daftari la fundi. Mteja akisema, "Nataka springi ya kusukuma, waya nusu milimita, mizunguko minane, upana milimita tano," muuzaji hana sababu ya kuuliza kampuni. Atafungua droo na kuanza kupima.