Wayahudi wa Mlima Masaba

Jina la Wayahudi ni la zamani katika masikio ya watu wetu. Mtoto wa Sibwesa, katika nchi ya Mpanda, hulisikia kanisani au chuoni kabla hajajua kusoma vema, naye aweza kufika uzeeni asimwone Myahudi hata mmoja. Ndiyo sababu maswali yake juu yao ni ya mtu aliyesikia sana habari za jirani ambaye hajapata kumtembelea. Watu hawa hula nini? Mbona hupumzika Jumamosi? Je, mtu aweza kuwa Myahudi, au sharti azaliwe Myahudi?

Maswali mawili ya kwanza hayana uzito mkubwa. Torati huruhusu samaki mwenye mapezi na magamba. Basi katika samaki wa Ziwa Tanganyika, wavuliwao Ikola na Karema, Myahudi angekula mgebuka bila wasiwasi, na kambale angemwacha. Sabato nayo huanza Ijumaa jua lichwapo, wala jambo hili lisimshangaze msemaji wa Kiswahili, kwa maana kwetu pia usiku hutangulia mchana wake: wazee watajapo usiku wa Jumamosi, hukusudia ule unaofuata mchana wa Ijumaa.

Swali la tatu ndilo gumu, na jibu lake moja limepatikana katika Afrika Mashariki yenyewe, karibu na mji wa Mbale nchini Uganda, upande wa magharibi wa Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitoa shauri kwamba Wayahudi walioteswa Ulaya wapewe nchi ya kukaa. Shauri hilo liliitwa la Uganda, ingawa nchi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ulio Kenya. Mkutano wa Wazayuni ulilikataa mwaka 1905. Taifa lililoalikwa halikuja. Na baada ya miaka kumi na minne, upande wa pili wa mlima ule ule, wakatokea Wayahudi ambao hakuna aliyewaalika.

Aliyewaanzisha alikuwa Semei Kakungulu, Muganda, Mprotestanti, na jemadari hodari. Aliwapigania Waingereza, akaitiisha sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda, akitumaini kuwa mfalme wa nchi alizozishika. Waingereza walimpunguzia madaraka kidogo kidogo. Toka mwaka 1906 hata 1913 alikuwa rais wa baraza la Busoga, cheo chenye heshima lakini kisicho ufalme, kisha akarudi Mbale. Huko akaingia katika madhehebu ya Bamalaki, yaliyoanzishwa mwaka 1914, ambao walishika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali.

Walakini Kakungulu alikuwa msomaji. Biblia nzima ilikuwa imekwisha kufasiriwa kwa Kiganda tangu mwaka 1896, kwa kazi ya wamisionari, naye akaisoma kama mtu asomaye hati ya shamba lake mwenyewe. Mwaka 1919 aliamua kwamba amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu haijafutwa. Wenzake walimpinga wakisema kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Naye akashika kuwa, ikiwa ndivyo, basi yeye ni Myahudi; akatahiriwa, na wanawe pia. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, jina la Wayahudi kwa Kiganda.

Ili kupima uzito wa tendo hili, ni lazima kukumbuka mahali lilipotendeka. Baganda kwa mila yao hawakutahiri; katika miaka ya 1870 Kabaka Muteesa aliwaua vijana Waislamu wa jumba lake, na tohara yao ilikuwa sehemu ya ugomvi huo. Bagisu wa Masaba, kinyume chake, hutahiri kila kijana ili awe mwanamume. Kisu kilikuwa na maana tatu katika nchi moja: kwa Mgisu utu uzima, kwa Mwislamu dini yake, na sasa kwa Kakungulu agano la Ibrahimu. Wako waandishi wasemao kwamba alifanya hivyo kwa hasira juu ya Serikali. Hasira ilikuwapo, sikatai. Lakini mtu wa miaka ipatayo hamsini ana njia nyingi za kuonyesha hasira zisizohitaji kukatwa mwili.

Hata hivyo kitabu peke yake hakimtoshi Myahudi. Torati huamuru kupumzika, lakini haielezi kila kazi iliyokatazwa. Wanazuoni wa kale ndio walioziorodhesha aina 39. Torati hukataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake. Mapokeo ndiyo yaliyolipanua katazo hilo hata nyama na maziwa visikutane mezani. Mapokeo haya Kakungulu hakuwa nayo. Mwaka 1920 alifika kwake Myahudi mmoja aitwaye Yosef, akakaa kwa muda wa miezi ipatayo sita, akafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za chakula. Mabaki ya Ukristo, kama ubatizo, yakaachwa. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kanuni na sala, kwa Kiganda. Akafa mwaka 1928, na watu wake wakagawanyika.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya mwaka 1971, Idi Amin alipotwaa Serikali. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waligeuka kuwa Wakristo au Waislamu. Wengine walisali kwa siri. Yasemwa kwamba kati ya watu wapatao 3,000 walibaki kama 300. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliushika mji wa Kampala. Jioni ya siku hiyo hiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Sidhani kama wako Wayahudi wengine duniani walioipokea Pasaka ya mwaka ule kwa maana iliyo wazi kuliko wao.

Na je, ni Wayahudi? Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walikuja Uganda wakawapokea rasmi zaidi ya watu 300. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, hawakuridhika na madhehebu ya marabi hao, wakataka kupokewa na Waorthodoksi. Wapo pia walioona uchungu kuambiwa waingie katika nyumba ambayo babu zao waliilinda kwa miaka zaidi ya themanini. Uchungu huo nauona ni wa haki, ingawa sheria ya Kiyahudi nayo ina haki ya kuuliza mlango uliofunguliwa. Gershom Sizomu, mmoja wao, alipata daraja la urabi Los Angeles mwaka 2008. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa kuitambua jumuiya hii kwa ajili ya haki ya kuhamia huko. Lakini miaka miwili kabla ya hapo Sizomu alikuwa amechaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wake karibu wote ni Wakristo na Waislamu.