Halotel

Halotel ni jina la biashara la Viettel Tanzania, kampuni ya simu iliyoanza kutoa huduma mwaka 2015, ikimilikiwa na Viettel, shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi ya Vietnam. Shirika hilo lilikua kutokana na Đổi Mới, yaani mageuzi ya mwaka 1986 yaliyofungulia biashara milango huku Chama cha Kikomunisti kikibaki madarakani. Mkakati wake Tanzania, ambao ndio unaostahili kuzingatiwa zaidi, ulikuwa kutanguliza vijiji: minara na mkongo wa mawasiliano vilifikishwa hata penye wateja wachache wenye kipato kidogo, na mkulima akaweza kutuma ada ya mtoto kwa HaloPesa, huduma ya fedha kwa simu.