Mshindo wa Alfajiri, Colito 1964

Kanuni ya vita vya miguu ni nyepesi kuitamka: mmoja apige, mwenziwe asogee. Anayepiga humwinamisha adui kichwa; anayesogea huukata uwanda pasipo kulengwa. Moto wa mmoja ndio ngao ya mwingine.

Dar es Salaam iliishuhudia kanuni hiyo tarehe 25 Januari 1964. Siku tano kabla yake, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, kaskazini ya mji, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Walipoingia mjini, askari polisi wapatao 300 walikuwa wamekwisha kuvushwa kuja Unguja, ambako Mapinduzi hayakuwa yametimiza siku kumi. Mji ukabaki bila ngao. Kariakoo maduka yakaporwa, na watu wakauawa. Na Kariakoo, msomaji, ni jina lililotokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, waliobeba risasi za wengine wala wao wasiwe na bunduki ya kujikinga.

Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaomba Waingereza msaada. Kulipopambazuka, manowari Cambrian ilifyatua mizinga kando ya kambi, makombora yakipasuka hewani; yalikusudiwa kutisha, si kuua. Nyuma ya mshindo huo, helikopta kutoka manowari Centaur ziliwashusha makomando katika uwanja wa jirani. Brigedia Sholto Douglas, aliyefukuzwa na askari wake mwenyewe, akawaita kwa kipaza sauti wajisalimishe. Roketi ikapiga nyumba ya walinzi. Askari watatu walikufa. Wenzao wakaweka silaha chini.

Kwa mwanajeshi, hadithi yaishia hapo. Kwa taifa changa, ngao ile ilikuwa ya mtawala aliyeondoka miaka miwili tu nyuma, na Mwalimu hakuificha fedheha yake. Jeshi likavunjwa, tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Kambi nayo ikaitwa Lugalo, pale ambapo mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Zelewski. Mizinga hawakuwa nayo. Ngao yao ilikuwa kichaka na kimya.

Colito ilibadilishwa jina. Kariakoo haikubadilishwa, na hadi leo yatukumbusha wale ambao hakuna aliyewapigia risasi ili wavuke.