Masharti ya Ruzuku za Dharura na Mzigo wa Kaunti Ndogo

Mafuriko yanapoingia katika kaunti yoyote ya Marekani, wanaofika kwanza ni watu wa pale pale: zimamoto, askari wa sherifu na mkurugenzi wa dharura wa kaunti. Mara nyingi sehemu ya mshahara wa mkurugenzi huyo hutoka kwenye ruzuku ya FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Fedha hizo hupitia jimboni kabla ya kufika kaunti, na jimbo nalo huweza kuongeza masharti yake juu ya yale ya Washington. Mengi ya masharti hayo yana haki ya kuwapo. Ubaya wake ni kwamba yametungwa kana kwamba wapokeaji wote wana nguvu sawa, na wanaolemewa ni wale wale ambao ruzuku ilikusudiwa kuwainua.

Tuanze na sharti lenye hoja nzito kuliko yote. Septemba 11, 2001, polisi na zimamoto wa New York walihangaika katika majengo yale yale bila uongozi mmoja. Onyo la marubani wa helikopta za polisi kwamba mnara ungeweza kuanguka halikuwafikia wazimamoto waliokuwa ndani. Februari 2003 Rais George W. Bush alitoa agizo lililozaa NIMS, mfumo mmoja wa kitaifa wa kuongoza shughuli za dharura, na kuanzia mwaka wa fedha wa 2005 kuufuata kukawa sharti la kupata fedha za maandalizi. Kiini cha mfumo huo ni cha zamani zaidi. Kilitokana na mioto ya nyika ya California mwaka 1970, vikosi vya sehemu mbalimbali vilipokutana na kugundua kwamba kila kimoja kina msamiati wake na masafa yake ya redio. Sharti la namna hii linaokoa maisha, na anayelipinga ana kazi kubwa ya kutushawishi.

Hata hivyo, kinachopimwa si uwezo wa watu kuongozana usiku wa maafa. Kinachopimwa ni vyeti vya kozi za mtandaoni, ripoti ya kila robo mwaka na idadi ya mazoezi yaliyofanyika. Louisiana ilifanya zoezi kubwa Julai 2004 mjini Baton Rouge, kwa fedha za FEMA, likiigiza kimbunga kikali kinachoipiga New Orleans. Baadhi ya vikao vya kukamilisha mipango baada ya zoezi hilo viliahirishwa kwa kukosa fedha. Katrina ilipiga Agosti 29, 2005. Kwenye makaratasi zoezi lilikuwa limefanyika. Kazi iliyobaki, ya kugeuza mafunzo yake kuwa mabasi, mafuta na madereva, haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Sasa tutazame ununuzi wa kitu kimoja: jenereta ya kituo cha dharura cha kaunti. Kwanza iwe kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Kwa kuwa itawekwa juu ya sakafu mpya ya zege, lazima ardhi ichimbwe, na kabla ya jembe kugusa udongo FEMA lazima ipitie athari kwa mazingira na kwa majengo ya kihistoria. Kisha ununuzi wa ushindani na uthibitisho kwamba muuzaji hajafungiwa na serikali. Ikishafika, huingizwa kwenye daftari la mali na kuhakikiwa angalau kila baada ya miaka miwili. Kila hatua ina sababu yake, kwani fedha za maafa zimewahi kuibwa na zitaibwa tena pasipokuwa na ulinzi. Lakini Houston ina idara nzima ya ununuzi. Kaunti ya mashambani ina mtu mmoja, na huenda ndiye pia msimamizi wa simu za dharura, akijaza kila wiki karatasi ya saa zake kuonyesha ni ipi imelipwa na fungu lipi.

Mzigo mzito zaidi ni mchango wa mpokeaji. Ruzuku kuu ya usimamizi wa dharura inataka nusu ya gharama itoke nje ya fedha za serikali kuu. Kaunti tajiri hutimiza sharti hilo kwa orodha moja ya mishahara. Kaunti maskini huruhusiwa kuhesabu saa za watu wanaojitolea, ila kila saa iwe na sahihi, tarehe na thamani inayolingana na ujira wa kazi hiyo sokoni. Kwa hiyo umaskini ndio unaozaa makaratasi mengi zaidi. Tena fedha zenyewe kwa kawaida huja kama marejesho: kaunti itumie kwanza, ipeleke stakabadhi, kisha isubiri. Asiye na akiba hawezi hata kuanza, na jina lake halitaonekana kwenye ripoti yoyote ya walioshindwa kwa kuwa hakuomba.

Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1987, katika shauri la Jimbo la South Dakota dhidi ya Dole, kwamba sharti la fedha za serikali kuu lazima liwe wazi na lihusiane na lengo la fedha hizo. Kigezo hicho kilirudi mezani mwaka 2025, serikali ilipotaka wapokeaji wa fedha za dharura washirikiane na utekelezaji wa sheria za uhamiaji. Majimbo yalikwenda mahakamani Rhode Island, na Septemba jaji akayatupilia mbali masharti hayo. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini sharti linaweza kuhusiana kabisa na maafa na bado likamfungia nje mhitaji, na hapo mahakama haina cha kusema.

Dawa iko ndani ya kanuni zenyewe. Zinaruhusu malipo ya awali; majimbo yanaweza kuyafanya kuwa kawaida kwa kaunti ndogo, na yakaajiri wahasibu na wanunuzi wa kuzihudumia kadhaa kwa pamoja. Viwango pia hubadilika: mwaka 2024 kiwango cha matumizi kinachomlazimu mpokeaji kukaguliwa hesabu kilipandishwa kutoka dola 750,000 hadi milioni 1. Na kuhusu ule mchango wa nusu, Samoa ya Marekani, Guam, Visiwa vya Virgin vya Marekani na Mariana ya Kaskazini tayari vimesamehewa kwa mujibu wa sheria. Bunge la Marekani linaweza kuweka kipimo cha mapato ya kaunti na kutoa msamaha huo huo bara.