Nani Alichonga Barabara ya Spiti?

Ukitoka Shimla, mji wa milimani kaskazini mwa India, ukielekea mashariki, haupiti muda kabla hujafika kwenye handaki lililotobolewa katikati ya mlima. Si refu, kama mita 170 hivi. Kazi ilianza 1850 ikaisha majira ya baridi ya 1851–52. Kumbukumbu za Waingereza zinasema walitumika wafungwa kama 10,000 na vibarua huru kama 8,000. Jina la msimamizi tunalo: Meja Briggs. Ya wale wengine 18,000 hatuna.

Hapo ndipo inapopita Barabara ya Hindustan–Tibet, na ndiyo njia niliyoifuata kwenda bonde la Spiti. Bila shaka umeshaona Spiti kwenye simu yako hata kama hukujua jina: milima ya rangi ya kahawia isiyo na mti hata mmoja, mto wa kijivu chini kabisa, nyumba nyeupe za watawa wa Kibudha zimeng'ang'ania juu ya jabali. Chini ya kila video kuna mtu ameandika kwamba hii ni mojawapo ya barabara hatari zaidi duniani. Sawa, ni hatari. Lakini mimi nilienda na swali la mtu aliyekulia nchi ya reli ya mkoloni: nani aliichonga, na alilipwa nini?

Tuanze na pamba. Si pamba ya shambani, ni sufu laini ya mbuzi wa nyanda za juu za Tibet, ile inayofumwa shali za pashmina. Mwaka 1846, baada ya kuwashinda Masingasinga vitani, Waingereza walimuuzia Gulab Singh nchi ya Kashmir, lakini Spiti wakaibakisha mikononi mwao. Hawakuwa na haja na shayiri ya Spiti. Walitaka tu mtawala mwingine asije akakaa kati yao na mahali sufu inakotoka.

Miaka minne baadaye Gavana Mkuu, Lord Dalhousie, akaagiza barabara ichongwe kutoka tambarare, kupitia Shimla, kufuata mto Sutlej hadi mpaka wa Tibet. Biashara ilikuwa sababu moja. Sababu nyingine iliyotajwa ilikuwa huruma: barabara ingeondoa begar.

Begar ni nini? Ni kazi ya kulazimishwa, isiyo na malipo au yenye malipo ya kuchekesha. Afisa akipita kijijini na masanduku yake, wanakijiji wanaacha mavuno na kuyabeba hadi kituo kinachofuata. Wanatoa kuni, majani ya farasi, maziwa. Wakuu wa vijimbo vya milimani walikuwa wakiwatumikisha watu wao hivyo tangu zamani, na Waingereza walipokuja wakaongeza mizigo yao juu ya ile ya zamani. Hoja ya Dalhousie ilikuwa kwamba njia nzuri ingeruhusu nyumbu wabebe kilichokuwa kinabebwa na migongo ya watu.

Sasa sikiliza jinsi njia hiyo ilivyotengenezwa. Wakuu wa vijimbo walitakiwa watoe watu wa kuichonga. Yaani begar ikatumika kujenga barabara ya kuondoa begar. Na ilipopatikana, maafisa, wawindaji na watalii wa enzi hiyo wakawa wengi zaidi, kila mmoja na mizigo yake, kwa hiyo wabebaji waliohitajika wakaongezeka.

Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili: shokoa. Siku hizi hulisikii mtaani, lakini liko kwenye kamusi, na lugha haiwi na neno kama hilo bila sababu.

Safari yenyewe ni siku mbili kwa basi la serikali, zaidi ya kilomita 400 kutoka Shimla hadi Kaza, mji mkuu wa Spiti. Siku ya kwanza ni ya miti. Unapita misonobari, kisha mashamba ya matofaa yaliyopandwa kwenye matuta, kisha unateremka hadi Rampur, kando ya Sutlej, ambapo kila Novemba kuna maonyesho ya Lavi. Ni soko la zamani la sufu, matunda makavu na farasi, lililowakutanisha wafanyabiashara wa ufalme wa Bushahr na wa Tibet kabla Mwingereza hajafika. Usifikiri alileta biashara milimani. Aliikuta, akataka njia yake iende upande wake.

Baada ya Rampur mambo yanabadilika. Barabara imechongwa ndani ya ukuta wa mwamba, jiwe likiwa juu yako kama paa na mto ukiwa mamia ya mita chini ya dirisha lako. Matatu ya Nairobi ilinifundisha mengi, lakini dereva yule aliporudi nyuma kupisha lori, gurudumu likiwa pembeni kabisa, basi zima lilinyamaza. Mahali paitwapo Taranda magari husimama, abiria hushuka kuomba kwenye hekalu dogo la mungu wa kike. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa kwa sababu watu walikuwa wakifa wakipasua mwamba huo. Si hofu ya bure. Karibu na hapo, Nigulsari, Agosti 2021, mlima uliporomoka juu ya basi na magari mengine na kuua zaidi ya watu 20.

Tulilala Reckong Peo, na hapo mgeni hupewa kibali cha kupita karibu na mpaka wa China. Niliikunja karatasi yangu nikaitia mfukoni, na kwenye kila kizuizi askari akaifungua, akaisoma, akaniangalia uso. Nilimfikiria babu wa mtu yeyote aliyewahi kuvaa kipande shingoni.

Lakini kuna shamba la matofaa nimelipita haraka. Juu ya Rampur kuna sehemu iitwayo Kotgarh, na huko ndiko alikokaa Samuel Stokes, Mmarekani kutoka Philadelphia aliyefika India 1904, akaoa huko huko, na mnamo 1916 akaleta miche ya matofaa mekundu ambayo leo yanalisha familia nyingi za milimani. Watalii huambiwa habari ya matofaa. Hawaambiwi kwamba barabara hii ilipita mlangoni kwa majirani zake, na kwamba ni wao waliokuwa wakiitwa kubeba mizigo. Mwaka 1920 na 1921 wanakijiji wa Kotgarh, Stokes akiwa nao, walijipanga na kukataa begar. Hawakuchoma kitu. Walikubaliana tu kwamba hakuna atakayebeba peke yake kwa kuogopa. Serikali ikalegeza kamba na kukubali kuipunguza. Desemba 1921 Stokes akakamatwa na kufungwa kwa uchochezi.

Tazama tarehe hizo, kisha uje Nairobi. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa. Alikuwa amepinga kipande, kodi, na kulazimishwa kwa wanawake na wasichana kufanya kazi. Watu waliokusanyika kumdai wakapigwa risasi. Kotgarh na Nairobi hazikuwasiliana. Ila himaya ilikuwa moja, na ilizoea kuita kazi ya watu maskini mchango wao kwa maendeleo.

Na kuna uzi mwingine unaotuunganisha. Waingereza walipotaka kujenga reli kutoka Mombasa, 1896, walienda kuchukua watu hasa Punjab, tambarare iliyo chini ya milima hii. Waliletwa kama 32,000. Kama 2,500 walikufa. Hao walikuwa na mkataba na mshahara, kwa hiyo si begar. Lakini sisi wenyewe tunakumbuka zaidi simba wa Tsavo kuliko majina yao.

Siku ya pili miti inaisha. Pale Khab, mto Spiti unaingia Sutlej chini ya magenge yasiyo na hata jani, na ile barabara ya Dalhousie unaiacha hapo, maana yenyewe ililenga mpaka. Sehemu kubwa haikuwahi kupita kiwango cha njia ya nyumbu. Halafu China na India zikapigana 1962, mpaka ukafungwa, na biashara ya sufu iliyosababisha yote haya ikakatika.

Kilichobaki kilikuwa jeshi. India ilikuwa imeunda shirika la barabara za mipakani, BRO, mwaka 1960, na baada ya vita barabara za milimani zikapanuliwa kwa haraka. Kwa hiyo lami inayompeleka mtalii Tabo, kwenye nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 996, ililetwa na hofu ya vita.

Kabla ya Tabo tulisimamishwa karibu saa nzima, mawe yakiondolewa. Hapo nikawaona wajenzi wa leo. Wanaume na wanawake weusi wa jua, vitambaa usoni, wakipasua kokoto kwa nyundo na kuchemsha lami kwenye mapipa. Niliyekaa naye akamwita mmoja bhaiya, yaani kaka, akaniulizia anatoka wapi. Dumka, Jharkhand. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, nchi ya joto isiyojua theluji. Huja msimu wa kiangazi, hulala chini ya maturubai, hurudi barafu ikianza. Mei 2020, korona ilipofunga kila kitu, ilibidi serikali ya Jharkhand iwapeleke ndege vibarua wake waliokwama Ladakh, milima ya jirani.

Wanalipwa, ndiyo. Hawakuletwa kwa viboko. Ndiyo maana siwezi kuiita kazi yao shokoa, na sitaki kulitumia neno hilo ovyo. Lakini swali la Kotgarh bado lipo: nani anaamua bei ya mgongo wa mtu, na mwenye mgongo ana nafasi ya kusema hapana?

Jiwe likaondolewa, dereva akapiga honi. Abiria wa mbele walikuwa wakirekodi bonde kupitia kioo. Nyuma yetu yule kaka wa Dumka alishachukua koleo, maana mlima ulikuwa bado unamwaga changarawe, na kulikuwa na magari mengine kumi yakisubiri.